Natsume Soseki: mwalimu aliyejiweka upande wa wanaochekwa

Mwezi Aprili 1906, jarida la Hototogisu la mjini Tokyo lilichapisha riwaya fupi ya dhihaka iitwayo Botchan. Riwaya hiyo inasimulia habari za mwalimu kijana wa hisabati, mzaliwa wa Tokyo, aliyekwenda kufundisha katika mji mdogo wa mbali. Zaidi ya karne moja imepita, nayo ingali miongoni mwa vitabu vinavyopendwa sana nchini Japani. Mwandishi wake, Natsume Soseki, alikuwa mwalimu kwa miaka mingi. Maisha yake yanaweza kueleweka vyema katika mwambao wa Ziwa Mweru, ambako mwalimu mgeni, lugha ngeni na mtoto aliyelelewa mbali na wazazi wake si mambo ya kusimuliwa tu.

Mtoto asiyetakiwa

Soseki alizaliwa tarehe 9 Februari 1867 mjini Edo, mji ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Tokyo. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1867, David Livingstone alifika Ziwa Mweru na makao ya Mwata Kazembe, akawakuta huko wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokwisha kumtangulia. Japani nayo ilikuwa mlangoni mwa mabadiliko makubwa: utawala wa mashoguni ulianguka mwaka 1868, na nchi ikaanza kuiga kwa haraka elimu na viwanda vya Ulaya.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kinnosuke. Alikuwa kitinda mimba wa wazazi waliokwisha kupita umri wa kutarajia mtoto, nao waliona haya kwa kuzaliwa kwake. Akiwa mchanga alitolewa alelewe na watu wengine, kisha akafanywa mtoto wa kupanga wa familia ya Shiobara. Ndoa ya walezi hao ilipovunjika, alirudishwa nyumbani akiwa na umri wa miaka 9 hivi. Kwa muda aliwadhania wazazi wake kuwa ni babu na bibi yake, hadi mtumishi wa kike alipomnong’oneza ukweli usiku mmoja. Fadhila ya mtumishi huyo hakuisahau.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kusoma fasihi ya Kiingereza, akahitimu mwaka 1893. Rafiki yake mkubwa alikuwa mshairi Masaoka Shiki, mwenyeji wa mji wa Matsuyama katika kisiwa cha Shikoku. Jina la Soseki alijichagulia mwenyewe kutoka kisa cha kale cha Kichina kuhusu mtu mkaidi aliyekosea kusema, akashikilia kosa lake badala ya kulikubali.

Mwaka mmoja Matsuyama

Mwaka 1895 aliacha kazi yake Tokyo na kwenda Matsuyama kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Alilipwa yeni 80 kwa mwezi, mshahara uliozidi hata ule wa mkuu wa shule. Alikaa mwaka mmoja tu, kisha akahamia Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Huko alimwoa Nakane Kyoko mwaka 1896. Hata hivyo, mwaka ule mmoja ndio uliozaa Botchan miaka kumi baadaye.

Katika riwaya hiyo, mwalimu kijana hana subira wala hila. Wanafunzi wanampeleleza: akila bakuli nne za tambi, kesho yake anakuta habari hiyo imeandikwa ubaoni. Wanamwekea panzi kitandani. Wanalalamika kwamba anazungumza upesi mno, naye anaidharau lahaja yao. Anawabandika walimu wenzake majina ya utani: makamu wa mkuu wa shule, msomi wa maneno laini, anamwita Shati Jekundu, na mkuu wa somo la hisabati, mtu mkali lakini mnyofu, anamwita Nungu.

Chini ya kicheko kuna dhuluma. Shati Jekundu anamtaka mchumba wa mwalimu mwenzake mpole, hivyo anafanya mpango mwalimu huyo ahamishiwe mbali, kisha anaueleza uhamisho huo kana kwamba ni hisani. Nungu naye anasukumwa ajiuzulu. Botchan na Nungu wanawavizia Shati Jekundu na kibaraka wake alfajiri, wanawapiga, kibaraka akirushiwa mayai mabichi, kisha wanaondoka. Shati Jekundu anabaki na cheo chake. Botchan anarudi Tokyo kufanya kazi katika kampuni ya tramu kwa mshahara mdogo, na kuishi na Kiyo, mtumishi mzee aliyempenda tangu utotoni wakati wazazi wake walipomkatia tamaa. Ni vigumu kumsoma Kiyo bila kumkumbuka yule aliyemnong’oneza Soseki ukweli wa kuzaliwa kwake.

Wasomaji wengi walidhani Botchan ni Soseki mwenyewe. Katika mhadhara wa mwaka 1914, yeye aliwaelekeza kwingine: kwa kuwa katika shule ile mwenye shahada ya chuo kikuu alikuwa yeye peke yake, basi kama kila mhusika angetafutiwa mtu wa kweli, Shati Jekundu angekuwa yeye. Aliwacheka wasomi akijihesabu miongoni mwao.

Kiswahili nacho kina mfano wa jirani. Shaaban Robert, katika Kufikirika, alimchora mwalimu Utubusara, anayeachishwa kazi ya kumfundisha mwana wa mfalme kwa sababu ya fikra zake kuhusu elimu. Lakini mwalimu huyo ana hekima, ilhali Botchan ana moyo safi tu.

London na baada yake

Mwaka 1900 serikali ilimpeleka Soseki Uingereza. Alikaa London zaidi ya miaka miwili, kwa posho ndogo, akijifungia chumbani na vitabu, mgeni katika lugha ambayo nyumbani alikuwa mwalimu wake. Upweke ulimwumiza hata uvumi ukafika Japani kwamba amerukwa na akili. Shiki alifariki mwaka 1902 kabla rafiki yake hajarudi.

Aliporejea mwaka 1903 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kifalme, akishika nafasi ya Lafcadio Hearn. Mwaka 1905 alianza kuchapisha Mimi ni Paka, simulizi ambamo paka anawacheka binadamu, na umaarufu wake ukaanza. Mwaka 1907 aliushangaza umma: aliacha chuo kikuu na kuajiriwa na gazeti la Asahi kuandika riwaya. Mwaka 1911 serikali ilimtunuku shahada ya udaktari, akaikataa. Riwaya yake Kokoro ilitoka mwaka 1914. Alifariki tarehe 9 Desemba 1916 kwa vidonda vya tumbo, akiwa na umri wa miaka 49, akiacha riwaya yake ya mwisho haijakamilika.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Nchelenge, wakiwemo waliovuka kutoka Kongo na kuishi katika makazi ya Mantapala, jambo la lugha katika Botchan si dogo. Mtoto anayechekwa darasani kwa matamshi yake, na mwalimu anayechekwa na darasa kwa sababu hiyo hiyo, wote wamo katika kitabu hicho, na Soseki hakumpa ushindi yeyote kati yao. Matsuyama nayo, mji uliodhihakiwa, haikushika kinyongo. Leo ina treni iitwayo Botchan, na wageni hufika Dogo kuoga katika chemchemi ya maji moto ambayo yule mwalimu mkaidi aliisifu kuwa ndiyo kitu pekee kizuri mjini humo.