Nicolas Appert, mpishi aliyekifunga chakula ndani ya chupa

Fungua kabati la jikoni katika nyumba yoyote ya kwetu, iwe Maskati, Dubai, Doha au London, hutokosa kopo la tui la nazi, kopo la mbaazi, makopo ya jodari na chupa mbili tatu za jemu. Huku ughaibuni bila ya tui la kopo wali wa nazi ungebaki kuwa hadithi za bibi. Lakini ukiuliza ni nani aliyegundua kwamba chakula kinaweza kukaa mwaka mzima bila ya chumvi, bila ya siki na bila ya kukaushwa juani, wengi watanyamaza. Leo nataka kumtaja mtu huyo, kwa sababu naona amedhulumiwa na historia. Ni Mfaransa, Nicolas Appert. Hakuwa daktari wala mwanasayansi. Alikuwa mpishi na mtengeneza vitamutamu.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons, jimbo la Champagne, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Jimbo lile linajulikana kwa mvinyo wake. Sisi hatuna haja nao, lakini chupa zake zinatuhusu. Kinywaji kile hutoa gesi, basi chupa dhaifu hupasuka, na kizibo kisichofungwa kwa waya huruka. Mtu aliyekulia hapo haambiwi nini maana ya chupa nene na kizibo kilichokaza, hayo anayaona kila siku.

Ujanani alikwenda kuwa mpishi wa mtawala wa Zweibrücken, upande wa Ujerumani, na bwana wake alipofariki akabaki kumhudumia mjane wake. Mwaka 1784 akafungua duka lake mwenyewe Paris, katika mtaa wa Lombards, akiuza peremende na matunda ya kwenye shira. Hapo ndipo lilipomuanza jambo lake. Njia za zama hizo za kuhifadhi chakula zilikuwa zile zile tunazozijua sisi za ng'onda na achari: chumvi, siki, moshi, jua na sukari. Zote zinafanya kazi, lakini kila moja inabadilisha kitu. Samaki wa chumvi hana ladha ya samaki mbichi. Tunda la kwenye shira, kinachotangulia mdomoni ni sukari, na sukari siku hizo ilikuwa ghali. Appert alitaka tunda libaki tunda.

Kabla hajafika popote, mapinduzi ya Ufaransa yakamvaa. Naye hakukaa pembeni, alijiingiza katika siasa za mtaa wake. Mwaka 1794, wakati ambapo watu walikuwa wakikatwa vichwa kwa kutiliwa shaka tu, akatiwa ndani miezi mitatu hivi. Alitoka salama, lakini siasa hakuzirudia tena. Akahamia Ivry, nje kidogo ya Paris, akaanza majaribio kwa nguvu zake zote. Alikuwa na miaka zaidi ya 45. Umri huo wengine wetu tunaanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Sasa nieleze alichokifanya, maana hapa ndipo penye utamu. Wazo lenyewe unaweza kulisema kwa pumzi moja: tia chakula ndani ya chupa, ziba hewa isipite kabisa, kisha chemsha chupa yenyewe ndani ya maji. Kulisema rahisi, kulifanya ndiyo kazi. Alichagua chupa za kioo kinene, na baadaye akaagiza zenye mdomo mpana ili matunda makubwa na vipande vya nyama viingie. Vizibo alivitengeneza kwa gome la mti, lile jepesi linaloelea majini. Gome hilo lina vijitundu, na vikielekea juu hewa hupenya taratibu. Basi alikata vipande vitatu au vinne, akavigandisha kwa gundi ya samaki, akivipanga ili vile vijitundu vilale ubavu na visipite kutoka ndani kwenda nje. Hebu fikiria mtu anakaa kuuchunguza mshipa wa gome la kizibo!

Chupa haikujazwa hadi juu. Aliacha nafasi, maana chakula kikipata moto hutanuka, na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Kizibo kilipigwa kwa kibao mpaka kikaze, kikafungwa kwa waya uliopishana. Kwa chupa za mdomo mpana alipaka juu yake mchanganyiko wa chokaa isiyozimwa na jibini laini, kitu kinachokauka kikawa kigumu na hakiogopi maji ya moto. Kisha kila chupa ilivishwa mfuko wa kitambaa kizito, ili ikipasuka vipande visiruke na visiharibu jirani zake, zikapangwa wima ndani ya sufuria kubwa la maji. Moto ukawashwa. Kila kitu kilikuwa na muda wake, matunda laini muda mdogo sana, njegere na nyama muda mrefu. Akimaliza alifungua maji yatoke, akasubiri zipoe. Chupa iliyoonyesha dalili ya kuvuja haikuwekwa ghalani.

Aliyajua haya kwa kujaribu na kukosea, miaka na miaka. Hakuna aliyemfundisha, na kwa nini chakula kinaoza hapakuwa na mtu duniani aliyejua sawasawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800 alinunua ardhi Massy, kusini ya Paris, akajenga kiwanda na kulima mwenyewe njegere na maharage pembeni yake. Hiyo nayo ni akili. Njegere zilizochumwa asubuhi ziliingia chupani siku ile ile, na Appert alishikilia kwamba kinachoingia kimechoka kitatoka kimechoka. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake.

Wanamaji wa Ufaransa walizijaribu chupa zake kuanzia 1803, katika bandari ya Brest. Mabaharia wa zama hizo waliishi kwa nyama ya chumvi na biskuti ngumu, wakaugua kiseyeye, fizi zikatoka damu na meno yakalegea. Supu, nyama na mboga za Appert zilikaa miezi mitatu, na wakaguzi wakaandika kwamba maharage na njegere zilikuwa na ladha kama zilizochumwa shambani karibuni. Sifa alizipata. Pesa za maana hazikuja upesi.

Hapa kuna hadithi moja nataka kuisahihisha, kwa sababu inazunguka sana. Husemwa kwamba Napoleon mwaka 1795 alitangaza zawadi ya faranga 12,000 kwa atakayeweza kulisha jeshi lake, Appert akashindania akashinda. Inapendeza kuisikia, lakini mwaka 1795 Napoleon hakuwa mtawala, alikuwa jenerali kijana tu. Faranga 12,000 zilitolewa kweli, ila mwaka 1810, na waziri wa mambo ya ndani, baada ya Appert mwenyewe kuomba na tume ya wataalamu kuzipima chupa zake. Tena zilikuja na sharti. Aliambiwa achague: ama achukue hataza, yaani haki ya kisheria ya kuuza uvumbuzi wake peke yake, ama achukue pesa hizo na aandike kila kitu kitabuni, achapishe kwa gharama yake, na serikali ipewe nakala 200.

Akachagua kitabu. Kikatoka mwaka huo huo wa 1810, kinaeleza namna ya kuhifadhi nyama, mboga, maziwa na matunda kwa miaka kadhaa: cheri, aprikoti, pichi, plamu, kimoja kimoja, na muda wa kila kimoja motoni. Hakuficha kitu. Sisi tunawajua wapishi wetu, mtu anakupa mapishi ya biriani yake huku kakificha kiungo kimoja makusudi ili yako isiwe kama yake. Huyu alitoa mpaka namna ya kukata kizibo.

Haikupita hata miezi mitatu. Mwezi Agosti 1810 mfanyabiashara mmoja London, Peter Durand, akaandikisha hataza ya kuhifadhi chakula kwa njia ile ile, akitaja vyombo vya kioo, vya udongo na vya bati. Mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba maarifa hayo aliyapata kwa mgeni wa nchi ya nje. Hataza hiyo ikauzwa, ikaangukia mikononi mwa kina Bryan Donkin, na kufikia 1813 kiwanda chao London kikawa kinawauzia jeshi la majini la Uingereza makopo ya bati yaliyolehemiwa. Makopo hayo yalifunguliwa kwa patasi na nyundo, maana kifungulio cha kopo hakikuja mpaka miaka ya 1850. Ndiyo kusema Waingereza walitajirika kwa kitabu cha adui yao, na vita bado vinaendelea. Sikusudii kumlaumu Durand peke yake, kitabu kilikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini hesabu ya nani alipata nini mimi inanikera.

Kioo hakikushindwa moja kwa moja. Mwaka 1858, tarehe 30 Novemba, fundi wa bati wa Marekani, John Landis Mason, aliandikisha chupa yenye mdomo wa kuzungusha, na kifuniko chake cha zinki kinachokaza kwa mpira. Vizibo vya gome, waya na jibini vikaondoka, na kila mama mwenye miti ya matunda akaweza kufanya kazi ya Appert jikoni kwake. Chupa za jemu tunazozisafisha na kuzirudisha kabatini ni wajukuu wa chupa ile. Mason naye hataza yake ilipokwisha wengine wakatajirika, yeye akafa maskini mwaka 1902.

Na hapa kina mama na kina dada wanaotengeneza vyao nyumbani wanisikilize kidogo. Kinachofanya kazi ndani ya chupa ni vitu viwili kwa pamoja. Moto unaua vijidudu vilivyomo, na kizibo kinazuia vingine visiingie. Chupa ikipoa, mvuke wa ndani hurudi kuwa maji, na kifuniko huvutwa chini. Ndiyo maana kifuniko kizuri katikati kimebonyea, na kilichovimba ni cha kutupwa bila ya kuonja. Matunda makali kama ndimu, ukwaju na embe bichi yana ukali unaosaidia, hivyo maji yanayochemka yanatosha. Embe lililoiva sana halina ukali huo, ndiyo hutiwa ndimu. Samaki, nyama, maharage na tui ni habari nyingine kabisa. Kuna bakteria wa udongoni anayeitwa botulinum, mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na akikosa hewa ndiyo anastawi. Sumu yake inaua, na huenda usiione wala usiinuse. Vyakula hivyo vinataka moto wa presha, kiasi cha nyuzi 116 hadi 121. Appert hakulijua jina la bakteria yeyote, lakini uzeeni alikuwa akitumia vyombo vya kuchemshia kwa presha, na mpwa wake, Chevallier-Appert, miaka ya 1850 akakitia chombo hicho kipimo cha presha ili fundi ajue moto umefika wapi. Sababu ya yote ilikuja kuelezwa na Louis Pasteur miaka ya 1860. Mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya miaka 20.

Kiwanda cha Massy hakikudumu. Majeshi ya kigeni yalipoingia Ufaransa mwaka 1814 na 1815 kikaharibiwa. Appert, miaka 65, akarudi Paris kuanza upya. Akaingia hata yeye kwenye makopo ya bati, akatengeneza supu ya vidonge, akashughulika na jelatini. Mwaka 1822 jumuiya moja ya kuendeleza viwanda ikampa jina la mfadhili wa wanadamu. Jina hilo halikulipa madeni. Kila faranga iliyoingia ilikwenda kwenye majaribio, na alifanya kazi mpaka 1836, akiwa na miaka zaidi ya 86, ndipo akaacha.

Alirudi Massy na pensheni ndogo ya serikali. Mkewe alikwisha kumuacha zamani. Tarehe 1 Juni 1841 akafariki akiwa na miaka 91, na kwa kuwa hapakuwa na pesa za mazishi akazikwa katika kaburi la pamoja la maskini. Mwaka 1955 Ufaransa ilitoa stempu yenye picha yake, na mpaka leo Wafaransa wanapotaja kazi ya kuchemsha chakula kilichofungwa ndani ya chupa au kopo, kitenzi wanachotumia kimetokana na jina lake.