Kibodi yako ina mwenyewe, na alikufa 1890

Tachipedi ya laptopu yako ikigoma, kishale kikatae kusonga, usikimbilie fundi. Finya Alt na Tab, utaruka dirisha moja hadi lingine. Kwenye fomu, Tab pekee inakupeleka kisanduku kinachofuata. Ukiongeza Shift, unarudi nyuma. Sasa cheki aliyekupangia herufi za hicho kibodi.

Anaitwa Christopher Latham Sholes. Alizaliwa 1819 Pennsylvania, Marekani, akajifunza kazi ya uchapishaji, akahamia Wisconsin. Huko akawa mhariri wa gazeti, kisha seneta wa jimbo. Alipigana na hukumu ya kifo, na mwaka 1853 Wisconsin ikaifuta.

Akiwa mjini Milwaukee, yeye na Samuel Soule walikuwa wakiunda mashine ya kupiga nambari za kurasa. Carlos Glidden akaiona, akawauliza mbona isipige herufi pia. Mwaka 1868 wakapata hataza ya taipureta, na vitufe vyake vilifanana na vya piano!

Sholes alipanga herufi, akapangua, akapanga tena kwa miaka. Angalia safu ya katikati: D, F, G, H, J, K, L. Hayo ni mabaki ya alfabeti. Kwa nini zingine zikahamishwa? Wanahistoria wangali wanabishana.

Kampuni ya Remington, waliokuwa wakiunda bunduki, ilitoa mashine hiyo sokoni 1874. Iliandika herufi kubwa tu. Shift ilikuja 1878, na kazi yake ilikuwa kusogeza mtambo wenyewe ili herufi kubwa au ndogo igonge karatasi. Ndiyo maana ikaitwa hivyo.

Hapa sasa ndipo roho inauma. Sholes aliuza haki zake mapema. Mwenzake James Densmore alibaki na mgao wa mauzo, akatajirika. Sholes, kifua kikuu kikimsumbua, aliendelea kurekebisha taipureta hadi mwisho. Hata alibuni mpangilio mwingine wa herufi, hataza yake ikatoka baada ya yeye kufa. Lakini watu walishazoea ule wa kwanza, na ndio unaoufinya leo.

Kwa hivyo jifunze njia moja ya mkato kila siku. Vidole vitazoea tu. Na ukibuni kitu chako, soma mkataba wote kabla hujatia sahihi.