Reginald Moreau: Karani wa Amani aliyetaka kujua idadi ya ndege wanaohama

Kila mwaka masika yanapokaribia, ukisimama ukingoni mwa milima ya Lushoto na kutazama chini kuelekea Mombo na Mkomazi, unaweza kuwaona mbayuwayu wengi wakizunguka juu ya mashamba. Siku chache baadaye hawapo. Wamerudi Ulaya na Asia, ambako baridi inakwisha. Huko nako, wakati huohuo, watu hutoka kwenda kutazama makundi makubwa ya mabata bukini yakielekea kaskazini. Mabata hao hawafiki kwetu, lakini mbayuwayu, korongo weupe na ndege wengine wengi hufika. Je, ni wangapi, na wakiwa huku wanaishije?

Mmoja wa watu waliolishughulikia sana swali hilo aliishi miaka 18 katika Milima ya Usambara. Katika makala haya tunamwangalia Reginald Ernest Moreau.

Alitoka wapi?

Moreau alizaliwa Uingereza mwezi Mei 1897. Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1914 alifaulu mtihani wa kuingia serikalini, akawa karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi. Akiwa bado kijana alipatwa na baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo. Ili apate hali ya hewa yenye joto, mwaka 1920 alihamia Cairo, Misri.

Huko jangwani ndiko macho yake yalikofunguka. Aliona ndege wadogo, wengine wepesi kuliko yai la kuku, wakipita juu ya mchanga usio na maji wala mti. Mwaka 1924 alimwoa Winifred, aliyependa ndege kama yeye. Hata binti yao walimpa jina la jamii ya ndege.

Maisha ya Amani

Mwaka 1928 alipata kazi za ofisi na maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na wakati huo kilikuwa chini ya Waingereza. Ndege hawakuwa sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Aliwafuatilia kwa muda wake mwenyewe.

Moreau hakuridhika na kukusanya ngozi za ndege na kuzipa majina, kama wengi wa zama zake. Alitaka kujua wanavyoishi. Mfano mzuri ni hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kubaki ufa mwembamba tu. Dume humletea matunda kwa miezi kadhaa, mpaka kinda awe tayari kutoka. Ili kujua dume huja mara ngapi, ni lazima mtu akae chini ya mti siku nzima, kesho arudi, na keshokutwa pia.

Kazi hiyo ya kukaa na kuhesabu Moreau na mkewe hawakuifanya peke yao. Walisaidiwa na wenyeji waliojua misitu, miti na sauti za ndege. Hapa tuseme kweli: ndege mmoja mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu amepewa jina la Moreau, na ndege mwingine wa milima ya Uluguru jina la Winifred. Wenyeji waliokesha na kushinda chini ya miti wanajulikana na wachache sana.

Moreau alijiuliza pia kwa nini Usambara Magharibi, yaani upande wa Lushoto, kuna ndege wasiopatikana Amani, ilhali kinachotenganisha pande hizo mbili ni bonde la Lwengera tu. Aliona kwamba kwa ndege wa msitu wa baridi, bonde lenye joto ni kama bahari. Msitu wao ni kisiwa, na ukikatwa hawana pa kwenda. Miaka ya 1940 aliandika hata kuhusu utani wa makabila.

Hesabu ya mwisho

Mwaka 1946 afya ilimlazimu kurudi Uingereza. Alifanya kazi Oxford, na kuanzia 1947 hadi 1960 alikuwa mhariri wa Ibis, jarida maarufu la elimu ya ndege. Miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, aliandika kitabu kikubwa kuhusu ndege wanaohamia Afrika. Alifariki Mei 1970 akiwa na miaka 73. Kitabu kilitoka mwaka 1972.

Humo alikadiria kuwa ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huja Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Watafiti wa baadaye, kwa njia nyingine, walipata bilioni 2 hivi. Alionyesha pia fumbo ambalo bado linaitwa kwa jina lake: ndege wengi hufika ukanda wa Saheli, kusini mwa Sahara, mvua zikiwa zimekwisha na nchi inazidi kukauka. Hata hivyo, kabla ya kuvuka tena jangwa, hunenepa.

Hiyo ndiyo sababu hesabu yake inatuhusu. Mbayuwayu anayelala kwenye matete ya bondeni kwetu asipopata wadudu wa kutosha, huko kaskazini hatafika, na kiota chake kitabaki kitupu.

Moreau alianza kwa kutazama na kuandika tarehe. Wewe uliyeko Magamba, Soni au Mlalo, mwaka huu mbayuwayu wa mwisho umemwona lini?