Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Anas, mtoto aliyetumwa akakuta wenzake wanacheza



Fikiria saa kumi na moja jioni. Umefunga, kichwa kinagonga, futari haijaiva. Umemtuma mtoto dukani akalete chumvi, nusu saa hajarudi. Unatoka, unamkuta anapiga mpira wa majani makavu ya mgomba na wenzake, hela bado iko mfukoni. Unafanya nini? Wengi wetu jibu tunalijua, na masikio ya mtoto yanalijua zaidi.

Sasa mtazame Anas bin Malik, Allah amridhie. Mtume s.a.w. alipohamia Madina mwaka 622, Anas alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi. Mama yake, Ummu Sulaym, akampeleka akamtumikie Mtume.

Siku moja akatumwa. Mdomoni alisema haendi, moyoni alikuwa amenuia kwenda (utoto huo, si unaujua). Akatoka, akafika sokoni, akakuta watoto wanacheza. Akanasa hapo. Mara anahisi mkono umemshika kisogoni. Kugeuka, ni Mtume s.a.w., na anacheka! Akamwita kwa jina la kumdekeza, Unays, akamuuliza kama ameshakwenda alikotumwa. Anas akasema ndiyo, ndio anakwenda. Basi, yakaisha.

Ona vizuri hapo: kazi haikufutwa. Mtoto alikumbushwa, na alitakiwa aende. Ambacho hakikuwepo ni kofi na maneno ya kumvunja mbele ya wenzake. Na haikuwa bahati ya siku moja. Anas alisimulia kuwa katika miaka yote 10 hakuwahi hata kuguniwa, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Watu wa nyumbani wakimlaumu kwa jambo lililoharibika, Mtume aliwaambia wamwache.

Mama yake naye usimpite haraka. Siku nyingine Mtume alimkuta Anas akicheza na wenzake, akawasalimia wote, kisha akamtuma jambo la siri. Mtoto akachelewa kurudi nyumbani. Mama akauliza alikuwa wapi. Akasema ametumwa na Mtume. Kwa jambo gani? Ni siri. Hapo mama wengi tungemkaba mpaka aseme! Ummu Sulaym alimwambia asimwambie mtu yeyote siri hiyo. Mtoto mdogo akaaminiwa na mama yake kama mtu mzima, na siri ile aliitunza hadi uzeeni.

Alikuwa na mdogo wake pia, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akanuna. Mtume s.a.w., mwenye umma mzima wa kuusimamia, alimwendea akamuuliza habari za kindege chake. Na wanawake wa Madina, walipowazoesha watoto wao funga ya Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula wanampa, anashughulika navyo mpaka jua linazama. Wewe wako anayejaribu kufunga, akashindwa saa sita akanywa uji, umemwambia nini? Kesho atajaribu tena au ataanza kujificha nyuma ya migomba?

Yule mtoto wa sokoni alikuja kuwa miongoni mwa waliopokea hadithi nyingi kuliko wengine, zaidi ya 2,200. Ndiye tunayemtegemea kujua jinsi Mtume alivyoswali, alivyokula, alivyocheka. Aliishi Basra, akawa mwalimu wa watu, akafariki mwaka 93 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, akiwa na umri wa miaka 100 hivi.

Na akiwa mtu mzima, akipita mahali pana watoto, Anas alikuwa akiwatolea salamu, kwa kuwa ndivyo alivyomwona Mtume akifanya.