Al-Jahidh wa Basra na Kipimo cha Maneno

Katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, alizaliwa kiasi cha mwaka 160 wa Hijria (776) mtoto aliyeitwa Amr bin Bahr. Kwa kuwa macho yake yalitokeza, watu walimlakabu Al-Jahidh. Kwao walikuwa maskini, na yasemekana babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Yeye mwenyewe aliuza mikate na samaki. Na husimuliwa kwamba alikuwa akikodi maduka ya vitabu, akalala humo akisoma.

Maandiko yake juu ya uimamu yalimpendeza Khalifa Al-Ma'mun, na jina lake likavuma Baghdad. Baadaye Khalifa Al-Mutawakkil alitaka awafundishe wanawe, lakini alipoiona sura yake, alimpa dirhamu 10,000 akamrudisha. Sura ilimfungia mlango, kalamu haikufungika.

Al-Jahidh alipenda kupanga sentensi mbili mbili zenye kulingana urefu, bila ya kujilazimisha vina. Ya kwanza huleta maana, ya pili huithibitisha, na sikio hupata pa kupumzika. Akiisha kumpitisha msomaji katika hoja ndefu, humtulia kisa kifupi cha kuchekesha, kwani alijua kuwa moyo huchoka.

Katika Kitabu cha Wanyama alieleza kuwa ufupi si uchache wa herufi. Mtu aweza kujaza karatasi nzima naye amefupisha, ikiwa maana haitimii kwa chini ya hapo. Na katika Al-Bayan wat-Tabyin alisimulia habari za mwaidhi Ibn as-Sammak, aliyemwuliza mjakazi wake ayaonaje mawaidha yake. Akajibu kuwa ni mazuri, ila ayakariri mno. Bwana akasema hukariri ili asiyefahamu afahamu. Mjakazi akamwambia kuwa mpaka huyo afahamu, aliyekwisha kufahamu atakuwa amechoka.

Wala hakuchukia maneno marefu yenye mahali pake. Katika risala yake ya kuwatetea watu weusi, aliwasifu Wazanji wa pwani ya Afrika kwa ufasaha, akataja kuwa mtu wao huhutubu mbele ya mfalme tangu macheo hata machweo bila ya kusita.

Wanavyuoni wengi walimpinga kwa itikadi yake ya Kimuutazila, wala sisi hatumfuati katika hiyo. Uzeeni alipooza upande mmoja, asiache kuandika, akafa Basra mwaka 255 wa Hijria (868 au 869).

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.), kwa hadithi iliyopokewa na Muslim, alihesabu kuwa kurefusha Sala na kufupisha hotuba ni alama ya fahamu ya mtu. Mara ngapi siku ya Ijumaa tumemwona mzee akisinzia, na kijana akitazama saa, hali mawaidha yenyewe yalikuwa ya haki? Haki nayo yataka kupimwa kwa masikio ya wenye kuisikiliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kwa kadiri, na kuyatenda tuyasemayo. Amin.