FRANCIS ASTON, MPIMA ATOMU

Mwanachama mwenzangu, umewahi kujiuliza ni kwa nini klorini imeandikiwa 35.5 kwenye chati ya elementi? Hiyo nusu inatoka wapi, na atomu haikatwi kwa kisu kama ndizi? Swali hilo lilinisumbua mpaka niliposoma habari za Francis William Aston.

Aston alizaliwa tarehe 1 Septemba 1877 huko Harborne, Birmingham, Uingereza, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baada ya kusoma kemia, aliajiriwa mwaka 1900 katika kiwanda cha pombe. Lakini moyo wake haukuwa kwenye mapipa. Nyumbani alijitengenezea pampu za kunyonya hewa kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1903 akarudi chuo kikuu kusomea fizikia.

Mwaka 1910 alikwenda Cambridge kumsaidia J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni. Walipochunguza gesi ya neoni, lo! ilitoa alama mbili: 20 na 22. Je, kuna neoni za aina mbili? Aston aliipitisha gesi hiyo kwenye mirija ya udongo mara nyingi mno ili kuzitenganisha. Tofauti aliyoipata ilikuwa kiduchu, haikutosha kuondoa shaka. Mara vita vya 1914 vikazuka, naye akapelekwa Farnborough kushughulikia vitambaa vya ndege. Utafiti ukalala.

Mwingine angekata tamaa. Aston alirudi Cambridge na mwaka 1919 akaunda spektrografu ya masi. Ndani yake atomu hutiwa umeme, kisha husukumwa kando kwa umeme na sumaku. Ni kama upepo wa ubavuni barabarani: baiskeli hupeperushwa, lori halishtuki. Atomu nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na kila moja huacha alama mahali pake kwenye bamba la picha.

Basi fumbo likafumbuka. Neoni ya 20 na neoni ya 22 zilikuwepo kweli. Nayo klorini? Kati ya atomu nne, karibu tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Hebu jumlisha, kisha ugawe kwa nne. Umepata 35.5! Kumbe hakuna atomu ya nusu. Ndugu hao huitwa isotopu, na Aston aligundua 212. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Aston hakuoa. Alipenda kupiga piano na fidla, na alisafiri mbali kutazama jua likipatwa. Alifariki Cambridge tarehe 20 Novemba 1945, akiwa na miaka 68.

Vitukuu vya mashine yake vingali kazini. Chukua methionini, asidi amino iliyomo katika protini. Uzito wake ni 149. Ikidakwa na oksijeni moja, yaani 16, inakuwa 165. Jicho halioni kitu, lakini mashine inaona hiyo 16. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyotambua protini, hata ya dawa, iliyoharibiwa na oksijeni.

Wenzangu, sisi hulalamika kuwa maabara yetu haina vyombo. Aston alivikosa, akaviunda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname!