George Boole, Mwalimu wa Moja na Sifuri

George Boole alizaliwa Lincoln, Uingereza, tarehe 2 Novemba 1815. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyependa sayansi kuliko viatu, na biashara ikamwendea kombo. Kwa hiyo kijana, akiwa na umri wa miaka 16, alianza kuwalisha wazazi na wadogo zake kwa mshahara wa mwalimu msaidizi huko Doncaster. Alipofika miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe. Chuo kikuu hakukisoma. Hata hivyo, mwaka 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati huko Cork, Ireland.

Katika kitabu chake cha mwaka 1854 alieleza fikra kwa alama za hesabu. Ukichagua ng'ombe weupe zizini, kisha miongoni mwao ukachagua weupe tena, kundi halibadiliki. Katika namba, ni 0 na 1 tu zibakizo zilezile zikizidishwa kwa zenyewe. Basi kila kitu ama ni memba wa seti, ama siye.

Alifariki tarehe 8 Desemba 1864, kwa maradhi ya mapafu, baada ya kwenda darasani katika mvua kubwa na kufundisha nguo zikiwa zimelowa. Mwaka 1937 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwamba swichi za umeme hufuata hesabu hiyohiyo.

Hapa ndipo mwalimu wa Mbinga apatapo zana. Katika lugha ya kompyuta iitwayo Delphi, seti ya kawaida haizidi memba 256. Kwa namba nyingi zaidi, mtungaji wa programu hupanga biti katika safu, nane nane, kila namba na nafasi yake. Namba milioni moja hutosha katika baiti 125,000.

Wanafunzi wa Mbamba Bay wachimbe mchangani ufukweni vishimo vya bao, safu nne za vishimo vinane. (Wa milimani, waliozoea ngoro, hawahitaji kufundishwa kuchimba.) Safu na vishimo vihesabiwe kuanzia 0, na buni iwekwe mahali pa kila memba. Je, 19 ni memba? Gawanya kwa 8: ni 2, baki 3. Mtoto aende safu ya 2, kishimo cha 3. Akikuta buni, 19 ni memba. Akikuta patupu, siyo, wala hakulazimika kutazama kishimo kingine chochote.